Vistari Chini ya Msalaba

Chandu wa mtaa wa Mchafukoge hakuwahi kuua hata mende. Mende wa jikoni waliuawa na mkewe, Harshida, yeye akiwa kageukia ukutani. Lakini enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kumwagika Kariakoo, fundi miwani huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwauzia wawindaji darubini za kufunga juu ya bunduki. Dunia ina vituko, jamani!

Walimfuata kwa sababu alijua kuchagua msalaba, ule mchoro wa ndani ya kioo ambao mwindaji humwekea mnyama. Kuna msalaba mtupu, wa kupigia karibu, kwenye vichaka. Kuna na wenye vistari vinavyoshuka chini yake. Mnyama akiwa mbali risasi hushuka njiani, basi unaacha katikati, unamwekea kistari cha chini, na mtutu unanyanyuka wenyewe. Ansbert, Mchagga aliyeitwa kupiga mbogo wanaoharibu mashamba ya mpunga, alichaguliwa huo.

"Kistari cha pili, mbogo wa ng'ambo ya bonde," Chandu alimwambia. "Wala usihangaike."

Sasa, Chandu alikuwa na mwiko. Mama yake aliikubali biashara ile kwa shingo upande, akamwapisha asiingize kiumbe hai ndani ya msalaba ule. Kwa hiyo darubini zote alizipima juu ya paa, akilenga ukuta wa ghala la mbali alioupiga mistari ya chokaa. Akizungusha pete ya kukuzia mpaka mwisho, kioo kizima kinajaa ukuta. Akiirudisha kidogo tu, anaingia kunguru, anaingia mama muuza vitumbua. Basi hakuirudisha, hata siku moja.

Asubuhi ya mkasa wenyewe Ansbert alikuwa ameshakwenda porini tangu jana yake. Harshida alipanda paani kuanika nguo, akaikuta darubini nyingine ya aina ileile imefungwa kwenye stendi yake, akachungulia. Yeye hakuapishwa na mtu. Akairudisha pete ili aone mtaa.

"Baba Parth," akasema, "mbona ukuta umekuwa mdogo, vistari vyako vimebaki vilevile?"

"Vipi vilevile?"

"Njoo uone."

Akaenda. Akafumba jicho moja, akaangalia, na kunguru akapita katikati ya msalaba, wala hakujali. Kistari cha pili, ambacho siku zote kilikaa juu ya mstari wa pili wa chokaa, sasa kilikuwa juu ya mstari wa nne. Vistari vilisema kweli pete ikiwa mwisho tu. Pete ikirudi nyuma, mtutu unanyanyuka kupita kiasi na risasi inakwenda juu. Na Ansbert alishamwambia, akicheka, kwamba porini huiweka pete katikati ili aone na pembeni.

Risasi ya juu haiui mbogo. Inamjeruhi. Na mbogo aliyejeruhiwa, kila mtoto wa Tanzania anajua, hakimbii moja kwa moja. Anazunguka kichakani, anakungoja.

"Nimemuua mtu," Chandu akasema.

Alishuka ngazi kwa kandambili, akakata mitaa mpaka Kariakoo, kwenye duka la vitenge la Clotilda, mke wa Ansbert. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope. Njiani alishaziunga sentensi tatu, na alipomwona yule mama zote zikayeyuka.

"Mama Vicky, nataka kuongea naye. Kabla hajapiga risasi. Sasa hivi."

"Kuna nini, Bwana Chandu?"

"Kuna maelezo nilisahau."

Nilisahau! Mwongo mkubwa. Lakini Clotilda aliliona jasho lile, hakuuliza la pili. Akaacha duka wazi, wakaenda mbiombio mpaka eneo la Posta, kwenye ofisi ya kampuni ya uwindaji yenye redio. Mpiga redio, Sadalla, alikuwa akinywa chai.

"Kambi ya mpunga, kambi ya mpunga, naita, ova."

Redio ikakoroma. Chandu akaanza kusali kwa Kigujarati, bila sauti. Kisha kambi ikajibu: Ansbert amepiga alfajiri. Mbogo kaingia kichakani na damu. Ansbert na msaidizi wake Ignasi wamemfuata, hawajarudi.

Clotilda akakaa chini, sakafuni palepale. Hakulia. Alishika rozari na kuikaza, na Chandu hakuthubutu kumtazama. Akatazama feni. Akawaza duka lake, polisi, Wachagga wote wa Kariakoo mlangoni kwake, mwanawe Parth akiulizwa shuleni baba yako ndiye yule? Chai ya Sadalla ikapoa, adhuhuri ikaadhiniwa misikitini, na redio ikaendelea kukoroma tu.

Ndipo sauti ikaja, imechoka, na wote wakaitambua.

"Mama Vicky yupo hapo? Mimi mzima. Ignasi kapigwa pembe, paja limechanika, tunampeleka hospitali. Atapona, nadhani. Mke wangu, ni mkono wangu. Nililenga vizuri, risasi ikaenda juu. Nimezeeka. Nimemuumiza mtoto wa watu, sishiki bunduki tena. Ova."

"Ashukuriwe Mungu," Clotilda akasema, na sasa machozi yakamwagika. "Ashukuriwe Mungu. Bunduki iache, mume wangu, urudi."

Basi imekwisha. Chandu aliona wazi kwamba imekwisha. Ansbert kajitwisha mwenyewe, Clotilda anafuta uso kwa khanga, Sadalla anatafuta chai yake. Hakuna aliyemwuliza kitu. Angeweza kuaga.

Akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti.

"Ansbert, ni Chandu. Siyo mkono wako. Ni vistari, nilikufundisha vibaya. Ni mimi."

Alisema kwa sauti ndogo mno. Redio ikakoroma.

"Sikupati," Ansbert akasema. "Rudia, ova."

Clotilda alikuwa amekwisha kusikia. Aliacha kufuta machozi, akamkazia macho. Chandu akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akarudia kwa nguvu.