Fransiska Hakurudi Mwimbi

Mwaka mitumba iliporuhusiwa, Fransiska na mumewe Valerian waliondoka Mwimbi kwa miguu, kila mmoja na furushi la nguo mgongoni, kwenda kuuza kwenye vijiji vya bondeni ambako gari halifiki. Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Tangu lini mke wa mtu akalala porini kama mwindaji?"

"Nitalala na mume wangu, mama," alijibu Fransiska, akakaza kamba.

Kwenye mteremko wa kushukia bonde la Rukwa, Valerian aliteleza, kifundo cha mguu kikavimba.

"Turudi tu," alisema kwa uchungu.

"Tukachekwe? Mimi sirudi."

Akamfunga mguu kwa shati la mtumba. Akatangulia na mizigo yote miwili, akaitua chini, kisha akapanda tena kumfuata mumewe na kumwegemeza begani. Wakaenda hivyohivyo mpaka kijijini, na kesho yake wanawake waliyagombania magauni.

Mzee mmoja alimwuliza Valerian, "Kijana, umemruhusuje mkeo kubeba yote haya?"

"Hakuniomba ruhusa, mzee," alijibu Valerian, na hakuinamisha uso.