Kiingereza cha Kumchunguzia Mkwe

Watu wa Ole waliponiona nimebeba daftari na kalamu, mtu mzima mwenye mvi, wengine walidhani nimepata kazi hotelini, wengine wakadhani nimepata Mzungu. Niliwaacha wadhani. Nilikuwa nakwenda kumsoma mwalimu, wala Kiingereza chenyewe sikuwa na haja nacho.

Posa ilikuwa imeletwa kwetu. Aliyeposwa ni binti wa kaka yangu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, hata kutambaa hajaanza. Mposaji ni kijana wa Pujini anayefundisha darasa la alasiri la kina mama pale Madungu, mjini Chake, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa. Wazee wake walileta maneno mazuri, kaka akaomba muda wa kuuliza. Ndiyo ada. Jibu la posa halitolewi kabla watu wa upande wa mke hawajapita kimya kimya wakamuulizia mwanamume: anaswali, anafanya kazi, ana mke mwingine aliyemficha mahali?

Kaka aliuliza msikitini, akarudi uso unameremeta.

"Kijana hana ila," akaniambia. "Kila ntu anamsifu."

Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia. Mimi niliolewa na mwanamume asiye na ila. Mtaa mzima ulimsifu, kumbe alikuwa na mke na watoto Tanga, nami nikaja kuwajua siku nilipopokea simu yake akiwa bafuni. Tangu hapo mtu akisifiwa na wote, mimi huuliza wamelishwa nini. Msifu mvua imemnyea, lakini hao wa kaka hata tone halikuwa limewapata. Walikuwa wakimwona safu ya mbele msikitini, basi.

"N'takwenda mwenyewe," nikasema. Kaka hakubisha. Kubishana nami ameacha zamani.

Kijana hakunijua kwa sura, maana posa hupelekwa na wazee, mwenyewe hukaa kwao akingoja. Nikavaa buibui, nikapanda gari hadi Chake, nikaingia darasani nikakaa nyuma. Nilimkuta mwembamba, mpole, anatuita sote mama. Upole ule sikuupenda.

Siku ya kwanza alichora ubaoni safu tatu. Ya kwanza ya mtu, ya pili ya kitendo, ya tatu ya vijineno vinavyofuata kitendo. Alisema sisi Waswahili vyote hivyo tunavikusanya katika neno moja: ukisema nakungojea, mwenye kungoja yumo, anayengojewa yumo, na kungoja kwenyewe kumo, wote wamelala chumba kimoja. Mwingereza kila mmoja humpa chumba chake: "I wait for you." Kisha akatuonya kuhusu vile vijineno. "I look at her," namtazama. "I look for her," namtafuta. "I look after her," namtunza. Jicho ni lile lile, kijineno cha nyuma ndicho kinachogeuza nia. Wenzangu waliona raha. Mimi niliona kwamba watu wanaoficha nia yao mwishoni mwa maneno ni wa kuangaliwa vizuri, pamoja na wanaowafundishia lugha yao.

Kitu kimoja nilikipenda. Kwetu "yeye" haikwambii kama ni mume au mke. Mume anaweza kurudi akasema "nilikuwa kwake", ukadhani kwa rafikiye, ukamtengea chakula. Kiingereza hakina stara hiyo. Basi mwalimu alipoandika mifano, mimi nilikuwa nikivizia wanawake, nao hawakuchelewa kutokea. "She waits for me." Ni nani huyo anayemngojea? "I cook for her." Mwanamume gani wa Pujini anampikia mwanamke, kama si mapenzi mapya? Alasiri moja akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba anaishi naye: "I live with her."

"Mwalimu," nikauliza, "huyo unayeishi naye ni nani?"

"Ni mfano tu, mama," akajibu, akafuta ubao haraka.

Mume wangu naye aliniambia ni simu iliyokosea namba. Nilirudi Ole nikamwambia kaka asitoe jibu. Binti alinisikia, akaingia chumbani kwake na chakula hakukigusa. Alikuwa amempenda yule kijana, nilijua, ingawa hakutamka. Roho iliniuma, lakini niliona bora alie kwangu sasa kuliko kuja kulia kwa watu.

Kwenye dawati nilikaa na mwanamke wa rika langu, mnene, mcheshi, ambaye kila siku alikuja na vitumbua. Kiingereza kilikuwa kinampa tabu kuliko mimi. Tukingoja darasa lianze tulikuwa tukila na kuzungumza.

"Una watoto, shoga?"

"N'na mmoja, wa kaka yangu. N'memlea mie."

"Mwema?"

"Mwema, lakini ana ulimi kama wangu. Akiwa na simu mkononi, wali unaungua. Na akinuna, karafuu zitaanikwa mpaka zikauke, yeye hajasema na ntu."

"Wallahi?" akasema, akanisogezea kitumbua kingine.

Nilimwambia mengi, siku baada ya siku. Macho yangu yote yalikuwa kwa mwalimu.

Siku moja mwalimu akataka kila mmoja wetu asimame aseme sentensi za kweli juu ya jirani yake. Nikafurahi. Kwa Kiswahili Mpemba hashindwi kukwepa. Tuna mafumbo, tuna kuzunguka mpaka aliyeuliza asahau alichouliza. Kwa Kiingereza hatukuwa na maneno ya kutosha kusemea uongo. Nilitaraji zamu ya mwalimu ifike, anaswe.

Jirani yangu alisimama, akashika dawati.

"I sit with her," akasema. "I eat with her."

Akakwama. Akaangalia zile safu tatu ubaoni, akaokota moja huku na moja kule, na akasema kwamba anamuuliza habari za binti, na anauliza kwa ajili ya mwanawe: "I ask about her daughter. I ask for my son."

Mwalimu aliweka chaki chini. Nikamtazama yeye, nikamtazama huyu wa kando yangu, nikaona pua ni moja. Alikuwa akimwita mama mbele yetu kila siku, kama alivyotuita sote, na mimi ninayemshuku kila mtu sikushuku kitu.

Nilitoka nje bila kuaga. Akanifuata, akanishika mkono wa buibui.

"Usin'chukie, bibie. N'lipokwenda Ole kumuulizia bintiyo, wote walimsifu. Nikashuku. Nikaambiwa shangaziye yuko Madungu, anasoma Kizungu. Nikasema n'kakae naye."

"Na ila zote n'mekupa mwenyewe," nikasema. Hasira ilichanganyika na hofu. Posa ikivunjika, binti atajua ni ulimi wa nani.

"Umenipa. Na kila ukiitaja moja ulikuwa ukicheka. Ntu humsema hivyo aliyemlea kwa nkono wake. Sasa nami n'kupe za mwanangu."

Akazitoa, hakubakisha. Mbishi. Anakoroma. Huzima taa watu hawajamaliza kula. Aliwahi kuposa Unguja, ikavunjika kwa kuwa hakukubali kumwacha mama yake Pujini peke yake na mguu unaomsumbua. Yeye ndiye anayempikia.

"Huyo wa ubaoni ni mie," akasema. "Kila siku namwambia, andika watu wengine."

Tulikaa kwenye kizingiti cha duka tukamaliza vitumbua. Nilipofika Ole nikamwambia kaka atoe jibu, kijana apewe.

Siku ya harusi nilimpeleka binti mpaka mlangoni Pujini, mkono wake ndani ya wangu. Analia, nami najikaza. Mama yule akaja akichechemea, akamshika mkono wa pili, akaniinamia sikioni.

"I look after her," akasema.

Nilitaka kumwamini, na nusu yangu ilimwamini. Nikaifikiria nyumba ya Ole, isiyo na mtu wa kuunguza wali. Nikauachia mkono wa mwanangu, kidole kimoja kimoja, nikamjibu:

"I look at you."