Dereva wa Maharusi na Gari Jekundu la Milango Miwili

Saa kumi na moja alfajiri kifuniko cha birika kinaanza kugongagonga jikoni, na Brigita anakisogeza kwa ncha ya kanga ili kisiwaamshe watoto. Nje, mumewe tayari ana ndoo na kitambaa.

Ni Jumamosi, Msamala, mjini Songea. Baridi ni kali na ukungu bado umekaa juu ya mapaa. Rupert Ngonyani, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, anaosha magari mawili yaliyosimama uani. Moja ni lake: jeupe, la milango minne, la siku nyingi. La pili ni jekundu, la spoti, la milango miwili, lililoletwa kutoka Japani. Hilo si lake.

"Hili jeupe naliosha kwa sababu lina kazi leo," anasema akikamua kitambaa. "Hili jekundu naliosha kwa sababu ni zuri."

Brigita, anayeleta chai ya tangawizi, amesikia. "Miaka ishirini na mitatu ya ndoa sijaambiwa maneno hayo," anasema, anaweka kikombe juu ya ukuta na kurudi zake jikoni. Rupert anacheka mpaka maji yanamwagika.

Siku za kazi Rupert ni dereva wa teksi karibu na soko. Mafuta yakishatolewa, hubaki na shilingi elfu kumi na tano kwa siku, pengine chini ya hapo. Jumamosi hubeba bibi harusi, na safari moja ya harusi humpa elfu themanini. Jumamosi ndizo zinazosomesha watoto wake wanne.

Kinachomfanya aitwe si gari. Ndani ya gari lake kuna pini, sindano yenye uzi mweupe, chupa ya maji, na kanga safi anayoitandika kwenye kizingiti cha mlango ili gauni lisiguse vumbi. Bibi harusi akilia njiani, Rupert hageuki kumtazama. Hupunguza mwendo tu, mpaka kilio kiishe.

Tena anawajua wazee. Katika familia nyingi anazozihudumia, bibi harusi hatoki nyumbani peke yake. Bibi yake au shangazi yake huketi kando yake akiwa amemshika mkono, na hauachii mkono huo mpaka mlango wa kanisa, mbele ya watu wote, baba anapoupokea.

"Mkono ule hauachiwi njiani," anasema Rupert. "Kwa hiyo mimi sibebi mtu mmoja. Nabeba wawili walioshikana."

Tatizo ni kwamba gari jeupe limechoka. Mwaka jana, katika safari ya harusi kwenda Hanga, giabox ilikataa kabisa kupanda kilima. Wanakwaya waliokuwa kwenye lori la nyuma waliteremka na sare zao wakalisukuma hadi juu. Walifika kanisani wamelowa jasho, na bado wakaimba.

Tangu siku hiyo Rupert anajua kwamba lazima apate gari jingine. Yeye na Brigita wameweka akiba miaka sita, kutokana na harusi zake na maharage anayouza mkewe, wakafikisha milioni kumi na moja. Fedha hiyo inatosha kununua mara moja tu. Wakikosea, hakuna Jumamosi tena.

Hapo ndipo gari jekundu lilipojitokeza.

Mwenyewe ni Iddi, ofisa kilimo aliyehamia Songea kutoka Tanga. Aliliagiza Japani kupitia wakala wa Dar es Salaam alipokuwa kapera. Sasa ana mke na mtoto mchanga, na amepata uhamisho wa kwenda wilayani. Analiuza kwa milioni kumi na moja ileile.

Rupert alipoliona mara ya kwanza alilizunguka mara mbili. Alipokuwa akijifunza ufundi, gereji ilikuwa na kalenda yenye picha ya gari jekundu la namna hiyo. Mwaka ulipokwisha, fundi mkuu aliichana picha akampa, kwa sababu alikuwa amemwona akiitazama. Brigita aliikuta chini ya godoro walipooana, akaigandisha ukutani kwa uji wa muhogo. Ipo hadi leo.

Kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Na sababu za kulinunua zilikuwepo. Injini yake ni nzima na rangi haina mkwaruzo. Maharusi vijana wanataka picha za kupendeza, na mjini hakuna gari la harusi la namna hiyo. Rupert alipiga hesabu kwamba angeweza kutoza laki na nusu.

Sababu za kuliacha alizitoa Iddi mwenyewe. Alimwambia kwamba tumbo la gari liko chini, tuta likiwa refu kidogo linakwaruza. Linakunywa mafuta. Kioo cha pembeni kilipovunjika, alikisubiri kutoka Dar es Salaam wiki tatu. Na kufunga kiti cha mtoto huko nyuma ni kama kupitisha kabati dirishani.

"Wallahi, kaka Rupert, nikikuficha nitakuwa nimekuuzia ugomvi na shemeji," alisema Iddi. Kisha akampa ufunguo. "Kaa nalo wiki mbili. Beba harusi, halafu uniambie."

Brigita naye hakukataa. Aliuliza swali moja tu: watoto wanne, milango miwili, wawili waliobaki watapita wapi? Rupert alijibu kwamba watapita dirishani, wamezoea.

Jumamosi iliyopita gari jekundu lilikwenda Ruhuwiko kumchukua Fortunata, muuguzi kijana aliyekuwa akiolewa. Alipoliona alipiga makofi kama mtoto. Aliyekuwa amshike mkono ni bibi yake mzaa mama, Bibi Asumpta, mwenye umri wa miaka sabini na minane.

Gauni la Fortunata lilikuwa pana, halikuweza kupita nyuma. Kwa hiyo Rupert alilaza kiti cha mbele, akamsaidia Bibi Asumpta kuingia nyuma, akakirudisha kiti, kisha akamketisha bibi harusi mbele na gauni lake lote. Bibi Asumpta alipitisha mkono pembeni mwa kiti akaushika wa mjukuu wake. Mpango ulionekana mzuri.

Mlangoni mwa kanisa Fortunata alishuka, na kwa kushuka mikono yao ikaachana. Baba yake akanyoosha wake. Fortunata akarudisha wa kwake nyuma.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

Bibi alikuwa kule nyuma, magoti yamefika kifuani, hana pa kushika. Padri alisubiri. Kwaya ilimaliza wimbo, ikauanza tena, ikaumaliza, ikauanza tena. Rupert aliingia kwa upande wake na kusukuma polepole kutoka nyuma, na wanawake wawili wakavuta kutoka mbele. Bibi Asumpta akatoka, kilemba kimepinda, na kiatu kimoja kimebaki ndani.

Alisimama, akavuta pumzi, akawatazama watu. "Leo nimezaliwa mara ya pili," akasema, "na safari hii mkunga ana masharubu."

Watu walicheka hadi padri akageuka pembeni. Bibi Asumpta akaushika mkono wa mjukuu wake, akaupeleka kwa baba, na harusi ikaendelea akiwa na kiatu kimoja.

Hakuna aliyelalamika. Jioni hiyohiyo vijana wawili waliomba namba ya simu ya Rupert, wakilitaka gari jekundu kwa harusi zao. Njiani kurudi nyumbani alikuwa ameshaamua kulinunua.

Lakini alipolifagia ndani alikikuta kile kiatu, cheusi, kimeng'arishwa kwa uangalifu. Jumatatu akakipeleka Ruhuwiko.

Alimkuta Bibi Asumpta ameketi kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, goti limefungwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Alipomwona alijaribu kulifunika kwa kanga. Rupert alimwamkia, akapiga magoti, akauliza kuna nini. Akajibiwa kwamba ni uzee. Akauliza tena.

"Goti lilijipinda wakati wa kutoka," akasema hatimaye. "Ningekwambia, usingelinunua. Na mimi niliona unavyolishika usukani, mwanangu. Kama mtu aliyebeba mtoto."

Rupert anaposimulia sehemu hii huacha kusugua na kukitazama kitambaa mkononi.

"Angepiga kelele, ningesema ni bahati mbaya, nikanunua," anasema. "Alinyamaza kwa kunipenda. Nikajua wengine nao wataumia na watanyamaza, kwa sababu ni siku ya harusi. Hakuna bibi anayetaka kuharibu harusi."

Siku hiyo alikwenda kumwambia Iddi kwamba hanunui. Iddi alicheka, akasema afadhali, maana angemwonea huruma kila Jumamosi. Amepata mnunuzi mwingine, mwalimu kapera, ambaye atalichukua Jumatatu hii. Wale vijana wawili Rupert aliwapigia simu kuwaeleza. Mmoja ametafuta gari kwingine. Wa pili alimuuliza kama lile jeupe bado lipo.

Brigita hakusema "nilijua." Aliifuta vumbi ile picha ya ukutani, akairudisha mahali pake.

Sasa wameliona gari la kununua, jeupe, la milango minne, linalouzwa mjini. Rupert alilikagua kwa njia yake. Aliketi kiti cha nyuma, akaweka mikono kifuani, akajaribu kutoka bila kushika kitu. Kisha akamwomba Brigita afanye vivyo hivyo. Muuzaji alidhani wamechanganyikiwa. Milango ya nyuma ya gari hilo inafunguka mpaka mwisho, na wiki ijayo, Mungu akipenda, litakuwa uani Msamala.

Jekundu linaondoka, lakini Bibi Asumpta ametuma ujumbe kwamba anamdai Rupert. Yeye alilala nyuma kama mzigo, hakuona njia. Kabla halijaondoka anataka kukaa mbele.

Iddi ameruhusu, na ameongeza mafuta yeye mwenyewe.

Jumapili mchana goti limeshatulia. Rupert anakirudisha nyuma kiti cha mbele hadi mwisho, anatandika kanga kwenye kizingiti, na Bibi Asumpta anaketi akiwa na viatu vyote viwili. Wanazunguka mji polepole, vioo vimeteremshwa. Kwenye matuta Rupert analipitisha upande upande. Bibi Asumpta anawapungia mkono watu anaowajua na asiowajua, na mara moja tu anasema liongezwe mwendo kidogo.

Wakirudi Ruhuwiko, anauweka mkono wake ndani ya mkono wa Rupert na kushuka bila kusukumwa na mtu. Hauachii. Wanatembea hivyo uani, taratibu, mpaka kizingiti cha nyumba, na hapo ndipo anapouachia.

"Uje tena, mwanangu," anasema. "Uje na hilo jeupe jipya. Likichelewa, uje na la zamani. Nalo likikataa, uje kwa miguu."