Samaki Kumi na Mmoja wa Mpima Maji

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwenda kuinjika chai, nikawasha taa ya sebuleni, na chai nikaisahau. Ndani ya tangi la kioo samaki kumi na mmoja walikuwa wanaelea matumbo juu. Wanne waliobaki walikuwa wametoa midomo nje ya maji, wanahema kama watu waliopanda ngazi na mizigo kichwani. Mimi nimezika mume, nimezika ndugu wawili, na sikupiga kelele. Siku hiyo nilipiga. Kelele kwa ajili ya samaki! Mpaka leo naona haya.

Mkwe wangu alitoka mbio, shuka begani. Akatazama, akapiga magoti. Hakulia. Alichukua kikombe akawachota mmoja mmoja, akawapanga juu ya gazeti huku akihesabu kwa sauti ya kazini.

Mke huyu wa mwanangu kazi yake ni kupima maji. Nataka nieleze habari zake mimi mwenyewe, kwa sababu mtaani wanazieleza vibaya.

Kila siku alfajiri hutoka na kisanduku cha chupa, akazunguka mji kukinga maji ya mabomba: shuleni, hospitalini, sokoni, kwa watu asiowajua hata kwa sura. Akirudi ofisini anatia matone ya dawa, anatazama rangi, anaandika, anaweka sahihi. Sahihi hiyo ndiyo inayouambia mji huu unywe. Mwanangu, fundi umeme, alipomleta nyumbani mara ya kwanza, nilimpa glasi ya maji. Akainyanyua kwenye mwanga, akainusa, ndipo akanywa. Nikamvuta mwanangu jikoni.

"Huyu anadhani nimemtilia sumu?"

"Mama, hata mimi ananikagua hivyo hivyo."

Nilinuna mwezi mzima. Kununa nakuweza.

Samaki wale walikuwa wa ofisini kwao. Zamani maji ya bomba yalitolewa dawa kwanza, kisha yakapitishwa kwenye tangi lao mchana kutwa, wawe mashahidi. Samaki akifa, bomba kubwa linafungwa kwanza, maswali baadaye. Zilipokuja mashine, wakubwa wakasema samaki watupwe. Mkwe wangu akawaleta kwangu kwenye ndoo mbili. "Mama, hawa wamewalinda watu miaka yote, hawatupwi kama maganda." Nikamwambia nyumba yangu si mto. Alinyamaza, akanunua tangi. Yeye kwa ukaidi hapungukiwi, ila wake hauna sauti.

Wa kwanza kufa alikufa Jumatatu. Mkwe akasema labda chakula kimezidi, akapunguza. Jumanne wakafa wawili. Akatoa robo ya maji na kutia mengine, yale yaliyokaa kwenye ndoo usiku na mchana ili dawa ya bombani iruke. Sponji ya chujio akaikamua ndani ya maji yaleyale ya tangi, eti ukiiosha bombani unaua vijidudu vyema vinavyokula uchafu.

"Yaani unaosha uchafu kwa uchafu," nikamwambia. "Ndiyo elimu hiyo?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Akapima amonia, hamna. Klorini, hamna. Joto sawa, hewa inatoka, viputo vinapanda vizuri. Kila kipimo kilisema maji ni mazima. Kisha Alhamisi ndiyo hao kumi na mmoja kwa mpigo.

Hapa nakiri kosa langu la kwanza. Nilitoka barazani nikamwambia jirani yangu mshonaji, "Mpimaji gani huyu, samaki wake mwenyewe wanamshinda!" Nilisema kwa hasira ya ile kelele niliyopiga. Mshonaji ukimpa uzi anashona gauni. Kabla ya adhuhuri alikuwa anamwita mkwe wangu kutoka dirishani kwake, watu wamejaa, "Shemeji! Samaki umemaliza, sisi tunaokunywa tusubiri zamu?" Wakacheka. Mkwe wangu hakucheka. Aliingia ndani, akaketi mezani, akaandika barua.

Mwanangu alinisomea, maana mimi huchukua muda na maandishi ya mkono. Ilisema maji ya mji yana kitu ambacho vipimo vyake havikioni. Ilisema bomba kubwa lifungwe, na yeye aondolewe kazini, kwa sababu ametia sahihi kwenye maji yanayoua.

"Utafukuzwa kweli!" mwanangu akamwambia.

"Na mtoto wa mtu akinywa?"

"Lakini vipimo vimekubali!"

"Vipimo vimekubali na samaki wamekufa. Wewe ungemwamini nani?"

Miaka tisa nimekaa na huyu mwanamke, sikujua kwamba anaweza kuikata riziki yake kwa mkono wake.

Jioni mkuu wake wa kazi alikuja na barua mkononi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alitaka kuona kabla hajaacha mji mzima bila maji. Aliinama juu ya tangi, akakunja pua.

"Mbona maji haya yananuka kabati?"

Mkwe akainama akanusa. "Sisikii kitu. Yananuka kama nyumbani tu."

"Nyumbani kwangu hakunuki hivi."

Nilimwona mkwe wangu anageuza macho taratibu kwenye ule mpira mwembamba unaopeleka hewa majini. Akaushika kwa vidole viwili, akaufuata. Ulipita nyuma ya kochi, ukapita chini ya pazia, ukaingia chumbani kwangu, ukaishia kwenye ufa wa kifuniko cha sanduku langu.

Lazima nieleze. Pampu ya hewa ilikuwa inavuma karibu na kochi ninalolala mchana, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Jumapili ile niliichukua na waya wake, nikaizungushia nguo, nikaitia sandukuni, nikafunga. Niliwaambia tu nimeisogeza huko nyuma. Viputo vilikuwa vinatoka, nani angefuata mpira?

"Mama, naomba ufunguo."

"Sanduku hili hata marehemu hakuligusa."

"Mama."

"Mbele ya mwanamume wa watu? Nguo zangu za ndani?"

Mkuu wa kazi akageukia ukuta kwa adabu. Mwanangu akaniangalia, na jicho lile sijawahi kuliona kwake. Nikafungua. Harufu ikatoka, na nadhani kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini niliisikia, kwa jinsi wote watatu walivyorudi nyuma. Vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, nimevijaza kila kona, kila mkunjo. Pampu imekaa katikati yake inavuma. Usiku na mchana imenyonya ile hewa na kuipuliza kwa samaki.

Nilikaa kitandani. Nilitaka kusema ni bahati mbaya, nikashindwa hata hilo.

Mkuu wa kazi akataka kuichana barua. Mkwe wangu akamzuia mkono! "Usichane. Pua si kipimo. Hawa wanne wakae kwenye ndoo ya maji ya bomba yaliyokwisha kuruka dawa, pampu iwe dirishani. Jumatatu wakiwa hai, maji ya mji ni salama. Wakifa, funga."

Hizo siku tatu sizitamani tena. Nilikaa na ile ndoo kama muuguzi. Ijumaa mmoja akafa, na mimi nikajua mkwe wangu kazi hana, na mkono uliomfukuza ni wangu. Yeye akasema huyo alikuwa ameshakula sumu nyingi, lakini sauti yake haikuwa na uhakika. Jumamosi watatu waliacha kuhema juu. Jumapili wakagombania chakula, nikapiga kelele nyingine, mwanangu akadondosha bisibisi.

Habari zilimfikia mshonaji. "Bibi, kikulacho ki nguoni mwako!" akanipigia kelele. Nikamwambia aangalie magauni yake yanayopwaya.

Jumatatu, wale watatu wakiwa bado hai, mkuu alirudisha barua, akataka maelezo mafupi ya kuweka kwenye jalada. Mkwe aliandika mezani kwangu, nami nikamwambia anisomee. Alikuwa ameandika, "Pampu iliwekwa mahali pasipofaa."

"Iliwekwa na nani?"

"Haina haja, mama."

"Nimekuuliza, iliwekwa na nani? Ilijiweka?"

"Karatasi hii itakaa ofisini miaka yote. Kila mgeni wa kazi ataisoma."

"Mtaa mzima umekucheka kwa mdomo wangu. Andika mama mkwe. Andika na vidonge. Mimi siandikiwi mafumbo."

Akaandika. Nikamwambia anisomee tena, polepole, nihakikishe hajanipunguzia.