Ngumi Katikati ya Magoti

Kila asubuhi, kabla jua la Agosti halijaanza ukorofi wake, Philip hukunja ngumi akaiweka katikati ya magoti ya wanaume wazima. Mchezaji hulala chali, magoti juu, akaibana ile ngumi kwa nguvu zake zote. Akibana sawasawa, kinena ni kizima, aende uwanjani akapashe misuli moto. Akilegea au akikunja uso, siku hiyo hakimbii. Hiyo ndiyo kazi iliyomtoa Kakamega ikamleta Maskati: kuhakikisha timu ya soka inaingia kwenye msimu na miguu yake yote.

Ni kazi ya kushika watu kutwa, na mwenyewe hashikwi na mtu. Wachezaji walimwita daktari, wakamsalimu kwa Kiarabu, wakasema "tamam," yaani wazima, wakavaa viatu, wakaenda zao. Jioni alirudi chumbani kwake Ruwi, akawasha kiyoyozi mapema ili walau kuwe na kitu kinachonguruma. Mkewe, Wambui, akipiga simu alimwambia ana bahati kushinda na mastaa. Philip alikubali.

Mchezaji mmoja tu hakuwa kama wenzake, Sleyum. Beki huyu wa kushoto alizaliwa hapahapa Maskati, lakini kwao Ansab kulizungumzwa Kiswahili cha Unguja, na siku aliyomsikia Philip akinung'unika peke yake kwa Kiswahili alicheka nusura aanguke kitandani. Tangu hapo alijifanya wa mwisho kupimwa ili wapate kupiga soga. Philip akiuliza, "Vipi leo?" jibu lilikuwa lilelile: "Mzima kama jiwe, ndugu yangu." Na kila Ijumaa baada ya sala alimfuata Ruwi kwa gari, akampeleka kwa mama yake, Bi Mahfoudha. Huko Philip alikaa kwenye busati, akala pilau sinia moja na watu wa nyumba, na Bi Mahfoudha akimsogezea minofu upande wake bila kumuuliza. Siku nyingine za wiki alizivumilia tu.

Ijumaa moja, sinia limebaki mifupa, Sleyum aliinuka kwenda kunawa akalishika paja. Mama yake akamuuliza ana nini.

"Panachoma hapa ndani tokea juzi," Sleyum akasema. "Asubuhi nikibana ngumi ya huyu najikaza tu. Kocha mgeni, nna mechi ya Jumapili tu ya kumwonyesha. Yaishie hapahapa, Philip."

Philip akanyamaza, na kwenye sinia lile kunyamaza ni kukubali.

Hakupata raha tena. Msuli wa namna ile ukipumzishwa mapema hupona upesi, ukilazimishwa huchanika na kumkalisha mtu nusu msimu. Hilo alilijua. Alijua vilevile kuwa hana nyumba nyingine mji mzima. Jumamosi aliweka ngumi yake, Sleyum akaibana huku akitazama dari, jasho likimtoka kwenye chumba chenye baridi. Philip akaenda kwa kocha akamwambia Sleyum asicheze. Hadi hapo alifanya vyema. Lakini kocha alipomuuliza amejuaje, Philip, mtu wa kusema kweli hadi inakera, akajibu, "Ameniambia mwenyewe, kwao." Angeweza kusema ameuona ugonjwa kwa mkono wake, na isingekuwa uongo. Kocha akamsimamisha Sleyum mbele ya wenzake wote, akamuuliza kwa nini anadanganya.

Jioni yake Bi Mahfoudha akapiga simu.

"Mguu wa mwanangu umeuokoa, Mwenyezi Mungu akulipe," alisema. "Lakini uliyoyasikia kwenye sinia langu umeyatoa nje, baba."

"Nisamehe, Mama."

"Nshakusamehe," akajibu upesi, kama mtu anayefunga mlango joto lisiingie. Kisha akamwambia kwa upole kwamba Ijumaa hii wana wageni.

Ijumaa Philip, akitumaini bado kufuatwa, alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa dirishani. Kila honi ilimwinua. Alasiri ilipoingia akatembea hadi mkahawa mmoja wa Hamriya, akaagiza biriani, akaletewa sahani ya mtu mmoja. Alikula nusu. Hakuwa na hasira na mtu, alitamani tu kurudi kwenye lile busati, na hakujua mtu huomba vipi jambo kama hilo.

Sleyum alipumzishwa, akafanyishwa mazoezi ya polepole, akapona. Asubuhi aliyorudi kupimwa hakungoja kuwa wa mwisho. Alijipanga katikati ya wengine. Aliibana ngumi hadi mifupa ya Philip ikauma. Kinena kilikuwa kizima kabisa.

"Vipi leo?" Philip akamuuliza.

"Tamam, daktari," Sleyum akajibu, akavaa viatu.