Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Hata kitambaa alikigeuza ndani nje kabla hajamsalimia mteja. Basi nesi alipowaletea, yeye na dada yake, kila mmoja chupa yake ya vidonge, akaeleza kwamba wazee wengine wamepewa vitamini na wengine vidonge vitupu visivyo na kitu ndani, ili ijulikane kama vitamini huwapunguzia mafua na homa za kifua, fundi alikosa raha. Vidonge vyenyewe vilifanana kama mapacha.

"Dada, kitupu ni changu au chako?"

"Meza, mdomo upate kazi nyingine," dada akajibu, akakohoa.

Kifua cha dada kilikuwa mlango wa bawaba mbovu. Baridi iliyopita ilimlaza hospitalini, nusura asirudi. Sasa kama kitupu kimemwangukia yeye, je?

Pale kazini, vifungo vya pakiti mbili humwagwa kopo moja, ili pakiti mbovu isimharibie mteja mmoja shati zima. Fundi akamimina chupa zote mbili koponi, akakoroga kwa kidole. Wakawa wanachota humo wote wawili. Akili nyingi huondoa maarifa.

Baridi ikaja, ikapita. Dada alikohoa hapa na pale, lakini hospitali hakuiona. Nesi aliporudi kuhesabu vilivyobaki, fundi akamletea kopo kwa madaha.

Nesi akachungulia. "Mama, hiki ni kifungo."

"Hicho kiache. Hivyo vingine tunagawana."

Nesi akaketi juu ya rundo la vitambaa bila kukaribishwa. "Mama zangu! Sasa nyinyi niwaweke kundi gani?"

"La ndugu," dada akadakia.

Nesi alicheka, kisha akatikisa kichwa. "Siwezi kuwahesabu tena kwenye utafiti."

"Sawa. Ila niambie, mwanangu: kilichomkinga dada ni nini?"

"Labda vitamini. Labda baridi haikuwa kali. Labda bahati. Hatujui bado, mama. Ndilo swali tulilokuwa tunauliza."

Fundi akalitazama kopo lake. Kumbe swali lilikuwa lilelile lake, na yeye ndiye aliyelishona mdomo.

"Majibu ya waliobaki utaniletea?"

"Nitaleta."

"Na kifua chake kisubiri majibu?"

"Kisisubiri. Kesho aje kliniki, daktari amsikilize kabla baridi haijarudi."

"Tutakuja."

"Mimi mbona siulizwi?" dada akafoka.

"Wewe ni kundi langu," fundi akasema, akaanza kuchambua vifungo.