Zaina na mawe ya kwenye maharage

Jamani, akili yangu imekataa kabisa. Asubuhi nimeshika simu nikamwandikia "Zaina, umeamka?" kama kila siku. Nikatuma. Ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika Jumanne.

Zaina wa mtaa wa Bwiza, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza wa psychologie, elimu ya nafsi, chuoni. Kichwa kilianza kumuuma asubuhi, na adhuhuri hatukuwa naye tena.

Kilichoniumiza zaidi ni binti yake, Aisha. Ana miaka kumi na sita. Tangu maziko hakulia, hakujibu mtu, hakutamka hata neno. Wanawake msibani wakanigeukia mimi: "Espérance, we si ndiyo psychologue? Fanya kitu basi!" Miaka yote hii ya kazi, training na workshop zisizo na idadi, nikabaki nimekaa pale kama gogo.

Basi nikaanza kumkumbuka mama yake.

Ilikuwa miaka ya vita. Chuo kilikuwa juu mlimani, Mutanga, yeye akipanda kutoka Bwiza, mimi kutoka Kanyosha, kusini kabisa mwa mji. Tulikuwa na syllabus moja ya photocopy, kitabu cha somo la ukuaji wa mtu, kwa watu wawili. Zaina akaikata katikati kwa kisu cha jikoni: wiki hii yeye anakaa na utoto, mimi nakaa na uzee, Jumatatu tunabadilishana.

Shida ni kwamba barabara ikifungwa, kila mtu anabaki na nusu yake. Kuna mtihani niliuingia nikiwa najua wazee tu! Mpaka juzijuzi alikuwa bado ananicheka.

Mwaka wa pili tukapewa questionnaire ya hofu, karatasi ya maswali iliyotungwa Ulaya. Tukaitafsiri wenyewe, tukateremka nayo Bwiza kwa madaha, kalamu mkononi. Wa kwanza alikuwa Ma Hadija, muuza vitenge.

"Je, unaogopa bila sababu?"

Ma Hadija akanitazama kwa huruma. "Bila sababu? Mwanangu, we husikii bunduki mu mulima? Sababu iko kule."

"Je, unakwepa kutoka nje jioni?"

"Na we unatoka?"

Nikaandika ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulipomaliza mtaa, kwa majibu yale Bwiza nzima walikuwa wagonjwa mahututi. Profesa wetu alisoma, akavua miwani. "Mesdemoiselles, kwa matokeo haya hata mimi nilazwe leo." Darasa zima likavunjika mbavu.

Zaina hakucheka. Kesho yake akarudi kwa Ma Hadija bila karatasi, akamkuta anachambua maharage. Akavuta kigoda, akachambua naye. Alirudi na maisha yote ya yule mama.

"Espe," akaniambia, "mikono ikiwa na kazi, mudomo unasahau kuogopa."

Kisha wakamuua kaka yangu Désiré, njiani akirudi nyumbani.

Wiki tatu sikwenda chuo, sikuongea na mtu. Neno moja tu nilimwambia mama yangu: nimeacha masomo, basi.

Mabasi hayakuwa yakifika Kanyosha siku zile. Zaina akaja kwa miguu kutoka Bwiza, amefunga maharage kwenye kanga. Mama alimgombeza mlangoni kabla hata ya salamu: "We mutoto, uko na akili kweli? Mu njia hii?"

"Mama, nisamehe. Kwetu hakuna mutu wa kunisaidia kuchambua."

Mwongo mkubwa! Kwao walikuwa wasichana sita.

Tukakaa uani, ungo katikati yetu. Hakuniuliza kitu. Na maharage yale yalikuwa na mawe, jamani! Natoa, natupa kwenye kifuniko cha sufuria, nikiangalia tena yapo mengine. Katikati ya kazi ile nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, Désiré.

Nikasema yote. Shati alilovaa. Kwamba asubuhi ile tuligombania redio na sikumuaga. Nililia kilio ambacho sijawahi kulia tena mpaka wiki hii. Saa kumi ilipokaribia ndipo mawe yakaisha, naye akakimbia kuwahi kabla ya muda wa kutotoka nje.

Jumatatu nikarudi chuoni. Kila kitu nilicho leo kinatoka kwenye mchana ule.

Miaka yote nilimtania kwamba hajui kununua maharage. Hata harusini kwake nilisimama nikasema mbele ya wakwe. Alirekebisha ushungi wake, akacheka: "Ni kweli, dada, unisamehe."

Jana nimerudi pale msibani. Mkoba na daftari nimeviacha nyumbani. Nikachukua ungo jikoni, nikachota maharage, nikakaa kando ya Aisha. Baada ya muda mrefu akauvuta ungo kwake. Vidole ni vya mama yake kabisa.

Tukachambua hadi maharage yakawa safi. Nikajisemea, nimeshindwa, si kila mtu ni Zaina.

Mara Aisha akachota mawe kwenye kifuniko, akayarudisha kwenye ungo.

"Aisha, unafanya nini?"

"Mama alikuwaga anafanya hivi." Sauti ilikuwa imekauka. "Mutu akiwa hajamaliza kusema, anarudisha mawe. Hata kwenu Kanyosha, tantine. Aliniambia yale maharagi yalikuwa safi. Mawe aliyaokota mu njia."

Njia ile, siku zile, na yeye anainama kuokota mawe kwa ajili yangu.

"Na mi sijamaliza, tantine," Aisha akasema, akaanza kulia.

Tumekaa mpaka maghrib. Ameongea, Zaina. Ameongea sana.

Kumbe ulijua kununua maharage, shoga yangu, na hukuniambia hata siku moja. Mimi ndiye niliyestahili kuomba msamaha. Leo mchana narudi kwa mwanao, na mawe nimeyaweka mfukoni.

Pumzika sasa, umetembea sana. Lala salama, Zaina wangu.